Dakika Ishirini Mbele ya Mchoro Usiojulikana

Ukiandaa mazungumzo ya dakika ishirini mbele ya mchoro makumbushoni, chagua mchoro mmoja tu. Ukiongeza wa pili, ongeza dakika 15, na usivuke mitatu. Zaidi ya hapo wasikilizaji wanawaza kiti.

Mchoro wa kuchagua ni ule wenye jambo ambalo jicho linaweza kuligundua lenyewe. Chukua mchoro wa ufuko wa Scheveningen, Uholanzi, wa Hendrick van Anthonissen wa mnamo 1641 hivi, ulioko Fitzwilliam Museum, Cambridge. Kwa miaka mingi ulionyesha watu waliokusanyika mchangani wakati wa baridi, bila sababu ya kueleweka. Ulipokuwa ukisafishwa, iligundulika kuwa sehemu moja imefunikwa kwa rangi ya baadaye. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba chini yake kulikuwa na nyangumi aliyekwama ufukweni. Kwa mchoro wa namna hii, anzia nje ya ukumbi: shika nakala ya A4 ya picha ya kabla ya kusafishwa, uliza watu hawa wanatazama nini, ndipo muingie.

Kipimo cha mchoro ndicho kinachoamua idadi ya watu. Kazi ya mchoraji wa Kiholanzi Judith Leyster ya 1631, ya mwanamume anayempa pesa mwanamke anayeshona, iliyoko makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, ina sentimita 31 kwa 24 hivi, imezidi A4 kidogo tu. Ukiweka watu 25 mbele yake, safu ya nyuma itaona visogo. Wasizidi 8, au wagawe kwa zamu.

Wiki moja kabla, hakikisha mchoro bado umetundikwa. Huazimwa, hupelekwa kukarabatiwa. Nenda saa ileile ya mazungumzo. Simama kushoto, kulia, kisha chuchumaa: vanishi, ule utando wa kinga juu ya rangi, hung'aa na kufuta nusu ya picha kwa anayesimama pabaya. Pasipong'aa ndipo pa kuwaweka watu. Wewe simama kando ya fremu, uwaelekee wao. Usinyooshe kalamu, ving'ora vya makumbusho havina simile. Elekeza kwa maneno, na tangu mwanzo sema kushoto ni kushoto kwa mtazamaji.

Fungua kwa ukimya wa sekunde 90, saa mkononi. Wengi huuvunja kwenye ya 20 kwa aibu, na hapo wasikilizaji wanahamia kukutazama wewe. Kisha uliza swali linalojibika kwa macho. Kwa Leyster: mwanga unatoka wapi? Kwenye taa iliyo mezani. Mkono wa mwanamume umeshika nini? Sarafu. Na mwanamke anatazama wapi? Kwenye sindano na kitambaa, na macho yake hayabanduki hapo. "Mnajisikiaje?" huleta kimya kibaya, maana hakuna anayejua jibu linalotakiwa.

Wasifu wa mchoraji uje baada ya hapo, usizidi dakika nne. Ukianza nao, watu watatafuta kwenye picha kile ulichokwisha kuwaambia. Kwa Leyster inatosha hii: kazi zake zilidhaniwa kuwa za Frans Hals, mchoraji mashuhuri wa zama zake, na wengine, hadi 1893 mwanahistoria wa sanaa Cornelis Hofstede de Groot alipoitambua alama yake, JL yenye nyota. Usijenge hoja juu ya jina la mchoro peke yake. Majina mengi yalibandikwa na watu wa baadaye. Na kibao cha ukutani usikisome, wanajua kusoma.

Maliza dakika ya 18, kisha sogea kabisa upishe njia. Maswali mazuri huja watu wakishakaribia fremu.