Mgonjwa ametoka wodini: namna ya kumhudumia kwenye dirisha la famasi

Mara nyingi mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali haji famasi mwenyewe. Anakuja mtoto au mjukuu na karatasi mkononi: "Naomba hizi." Kabla hujafungua kabati, omba uione karatasi ya ruhusa, kisha uliza nyumbani kuna dawa gani. Kama kuna mfuko wa dawa za zamani, uletwe wote, pamoja na za miti shamba. Dawa mpya na za zamani hukutana huko nyumbani, na huko ndiko mambo yanakoharibika.

Chora safu tatu kwenye karatasi: dawa alizotumia kabla ya kulazwa, alizoandikiwa wakati wa kuruhusiwa, na zilizomo mfukoni. Andika kila dawa kwa jina lake halisi, si la kibiashara, pamoja na miligramu na nyakati za kumeza. Mbele yake andika: inaendelea, dozi imebadilishwa, imesimamishwa, au mpya. Ukikuta dawa ya zamani haimo kwenye karatasi ya ruhusa na hakuna aliyeambiwa aiache, usikisie. Piga simu wodini, kisha andika jibu, jina la aliyelitoa na saa.

Chukua mzee wa presha na moyo. Mfukoni ana Lasix 40 mg, na hospitali imempa furosemide 40 mg. Ni dawa ileile ya kukojosha, lakini maboksi hayafanani, kwa hiyo anameza zote mbili. Baada ya siku chache anakojoa mno, anaishiwa maji na kizunguzungu kinamwangusha. Amlodipine, dawa yake ya presha, nayo ilipandishwa kutoka 5 mg hadi 10 mg. Anameza kidonge kipya cha 10 na kile cha 5 alichokizoea. Vilivyosimamishwa vitenganishe mbele ya macho yake na umwombe akuachie viteketezwe kwa utaratibu.

Mzee huyohuyo goti likimuuma atanunua diclofenac duka lolote. Ikichanganyika na dawa za presha kama enalapril au losartan pamoja na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kufeli. Mwandikie kwenye kadi yake: "Asipewe diclofenac wala ibuprofen." Kwa maumivu paracetamol inatosha: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya 500 mg kwa saa 24, na aliyedhoofu au mwenye ini bovu apewe pungufu. Mkumbushe kwamba dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, muulize tarehe ya kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kama hana, mtafutie kliniki kabla hajaondoka. Metronidazole na co-trimoxazole, ambazo watu hununua kiholela kwa tumbo na kikohozi, huongeza nguvu ya warfarin hadi mtu akavuja damu. Kinyesi cheusi kama lami, au fizi zinazotoka damu bila kukoma: arudi hospitali siku hiyohiyo.

Kwa insulini, angalia bomba la sindano. Chupa ya uniti 100 kwa mililita inahitaji bomba la U-100. Akivuta hadi alama ya 10 kwenye bomba la U-40 (la insulini ya uniti 40 kwa mililita), amejidunga uniti 25, na sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Chupa isiyofunguliwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande. Iliyofunguliwa kwa kawaida hutumika wiki 4.

Usiandike "1x3" kwenye bahasha ukadhani umemaliza. "Kutwa mara tatu" wengi huigawa kati ya asubuhi na jioni. Kama dawa ni ya kila baada ya saa 8, andika: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Asiyesoma mchoree jua na mwezi. Usiulize "Umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Sema: "Mama, hebu nionyeshe kesho asubuhi utampa baba zipi."

Uliza pia habari ya hela, kwa upole na si mbele ya foleni. Zikipungua, watu hununua dawa ya maumivu na kuacha ya presha, kwa kuwa presha haiumi. Ni bora umpigie daktari aandike ya bei nafuu. Prednisolone (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe na mzio) iliyotumika zaidi ya wiki 3, dawa za kifafa na insulini hazikatwi ghafla hata siku moja.

Mwisho, omba namba ya simu kwa ridhaa yake. Mpigie siku ya tatu: kizunguzungu, kutapika, kuvimba miguu, dozi alizoruka. Mpigie tena siku tano kabla dawa hazijaisha. Hospitali huenda ilimpa za wiki mbili tu, naye akazichukulia kama dozi ya malaria ya siku 3: zikiisha, amepona. Mweleze waziwazi kwamba ya presha na ya sukari inaendelea, na mkumbushe tarehe ya kliniki.