Somo: Kufuatilia Mashindano ya Yoti za Bahari Kuu Ukiwa na Ndugu Chomboni

Mara ya kwanza mdogo wangu alipoingia kwenye mashindano ya bahari kuu, nilikesha nikiikodolea macho nukta ndogo ya chombo chao kwenye ramani ya mashindano katika skrini ya simu, na kila iliposimama moyo ulinienda mbio. Asubuhi ndipo nilipogundua kwamba nukta ile ilikuwa ikinieleza mahali chombo kilipokuwa muda uliopita, ilhali mimi nilikuwa nikiisoma kana kwamba namwona mdogo wangu kwa macho. Somo hili linahusu usomaji wa nukta hiyo. Mfano nitakaoutumia ni mashindano ya Sydney hadi Hobart nchini Australia, yenye urefu wa maili za baharini 628, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1945 na huanza tarehe 26 Desemba.

Hatua ya kwanza: Maliza maswali kabla chombo hakijang'oa nanga

Mwombe ndugu yako akuandikie jina la chombo kama lilivyo kwenye orodha rasmi, namba iliyo kwenye tanga, na simu ya mtu wa timu yao atakayebaki nchi kavu. Kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: ni nani walioandikishwa kuwa watu wa kupigiwa simu iwapo kifaa cha dharura cha chombo kitatoa ishara? Kifaa hicho hutuma ishara kwa satelaiti kupitia masafa ya 406 MHz, na waratibu wa uokoaji wanapoipokea hupiga namba zilizoandikishwa ili kujua kama ni hatari ya kweli au kimewashwa kwa bahati mbaya, chombo kina watu wangapi na kilikuwa kikielekea wapi. Ikiwa wewe ni mmoja wa walioandikishwa, simu yako isizimwe, na ipokee hata namba usiyoijua.

Kubalianeni pia kuhusu ukimya. Mabaharia wengi hufanya kazi kwa zamu, kwa mfano saa nne kazini na saa nne za mapumziko, na mtu aliyetoka zamu akiwa ameloa maji ya chumvi hutafuta usingizi kabla ya simu. Mdogo wangu aliniambia waziwazi: "Usipopata ujumbe wangu, ujue tuko kazini."

Hatua ya pili: Linganisha saa

Mashindano ya Sydney huanza saa 7 mchana za huko, yaani 13:00, ambayo ni 02:00 kwa UTC, yaani saa za kimataifa zinazotumika kulinganishia saa za nchi zote. Andika kila kitu kwa UTC na kwa mtindo wa saa 24, kwa kuwa taarifa za hali ya hewa nazo mara nyingi hutolewa hivyo.

Hatua ya tatu: Isome nukta kwa utaratibu

Kwanza kabisa, bonyeza nukta uone muda wa taarifa ya mwisho. Kifaa kilichofungwa chomboni hutuma mahali kilipo kwa vipindi vilivyopangwa na waandaaji, na katikati ya vipindi hivyo ukurasa wa kufuatilia mashindano huunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana wakati mwingine utaona chombo kikipita juu ya rasi kana kwamba kina magurudumu. Hakijapanda nchi kavu, ni mstari tu uliokata kona.

Pili, usishtuke chombo kikionekana kupotea njia. Yoti haiwezi kuelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, moja kwa moja kule upepo unakotoka, hivyo hupiga bisha, yaani huenda mshazari upande mmoja kisha upande mwingine, na kasi ya kuukaribia mwisho huonekana ndogo ingawa chombo kinakwenda kwa nguvu zote. Kwenye njia ya Hobart kuna sababu nyingine: Mkondo wa Australia Mashariki husukuma maji kuelekea kusini, na manahodha hujitenga na pwani kwa makusudi ili wabebwe nao. Lakini upepo ukigeuka na kuvuma kutoka kusini, hukutana na mkondo huo uso kwa uso, nayo mawimbi huwa mafupi na yenye kuta wima. Hapo kasi ya vyombo vyote hushuka kwa pamoja, na kushuka kwa pamoja kunaeleza habari ya bahari, si ya chombo chenu.

Tatu, kwa hiyo, tazama majirani kabla ya kumtazama wako. Ikiwa vyombo kumi vya eneo hilo vimepunguza mwendo, hiyo ni hali ya hewa. Ikiwa ni chenu pekee, huenda tanga limechanika, kifaa kimepoteza chaji, au nahodha ameamua kujitoa.

Hatua ya nne: Usikimbilie kutangaza mshindi

Anayefika kwanza si lazima awe mshindi wa jumla, kwa sababu muda wa kila chombo huzidishwa kwa namba yake maalumu. Chombo kikubwa kilichotumia saa 80, chenye kizidisho cha 1.050, huhesabiwa saa 84. Kidogo kilichotumia saa 86, chenye kizidisho cha 0.950, huhesabiwa saa 81.7, na hicho ndicho kilicho mbele. Hata heshima ya kufika kwanza inaweza kubadilika: mwaka 2017 yoti ya Wild Oats XI ilitangulia kufika Hobart, lakini ikaadhibiwa kwa kuongezewa saa moja, na ushindi wa kufika kwanza ukaenda kwa yoti ya LDV Comanche, ambayo muda wake wa siku 1, saa 9, dakika 15 na sekunde 24 uliandikwa kuwa rekodi.

Maswali ya wasomaji

Swali: Ndugu mwandishi, nukta ya binti yangu haijasogea kwa saa tatu. Nipige simu kituo cha uokoaji?

Jibu: Mama, angalia kwanza muda wa taarifa ya mwisho, kisha orodha rasmi ya waliojitoa, kisha mpigie mtu wa timu aliye nchi kavu. Kituo cha uokoaji kipigie mara moja ikiwa umepokea wito wa msaada kutoka chomboni kwenyewe. Ukimwona ameandikwa kuwa amejitoa, usilichukulie kuwa msiba. Katika dhoruba ya mwaka 1998 mabaharia sita walifariki, na vyombo 44 tu kati ya 115 vilifika Hobart. Wengi wa waliobaki waligeuza omo wakatafuta bandari, na huo ulikuwa uamuzi wa kibaharia.

Swali: Mbona kwenye tovuti za kufuatilia meli chombo cha mume wangu kilitoweka siku ya kwanza?

Jibu: Dada, tovuti hizo hutegemea sana vipokezi vya pwani vinavyonasa mawimbi ya redio kwa umbali wa makumi ya maili tu. Akishatoka nje ya hapo, tumia ukurasa wa mashindano wenye vifaa vya satelaiti.

Swali: Naona upepo mkali unakuja mbele yao. Nimtumie kaka ujumbe?

Jibu: Hapana. Kanuni ya 41 ya mashindano ya matanga inakataza msaada kutoka nje, isipokuwa habari ambazo hazikuombwa kutoka kwa mtu asiye na upande, na ndugu anayemwombea kaka yake ushindi hawezi kujiita mtu asiye na upande. Mtumie salamu za nyumbani, lakini habari za upepo na za wapinzani ziache, maana zinaweza kuigharimu timu nzima.

Swali: Nitajuaje saa ya kwenda kumpokea gatini?

Jibu: Gawanya maili zilizobaki kwa kasi: maili 100 kwa kasi ya noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, ni saa 10. Hata hivyo, kwenye Mto Derwent, karibu kabisa na mwisho, upepo hulala mara nyingi usiku, na chombo kinaweza kuelea kwa saa kadhaa taa za Hobart zikionekana. Mimi siondoki nilipo mpaka nukta iwe imeshaingia mtoni, na hata hapo huchukua koti na kiti.