Kidole tumbo kikiumia kushoto

Kijana wa tuktuk aliingia chumbani kwangu Likoni amejikunja, mkono tumboni. Siku mbili nyuma, zahanati fulani ilimpa dawa za amiba. "Daktari, yaniuma huku," akashika kushoto, chini ya kitovu.

Kidole tumbo (apendiksi) kwa kawaida hukaa kulia, kwa hiyo wengi hapo hukiondoa akilini. Usikiondoe. Muulize maumivu yalianzia wapi. Yakianzia kitovuni kisha yakahama, hamu ya chakula ikakatika, halafu akatapika, shuku, hata yakihamia upande usioutarajia. Bonyeza taratibu ukimtazama uso. Mwambie akohoe, uone anaposhika.

Kisha utafute moyo. Wa kijana huyu ulikuwa ukidunda chini ya chuchu ya kulia, na ini nililipata kushoto: viungo vimegeuka vyote, hali ya takriban mtu 1 kati ya 10,000. Lakini moyo ukiwa mahali pake usitulie. Utumbo peke yake huweza kukosa kukamilisha mzunguko wake wa nyuzi 270 mtoto akiwa tumboni mwa mamake, kidole tumbo kikabaki kushoto. Hilo mkono haulioni. Huliona skani ya CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka. Altrasaundi nayo yafaa, ila mwambie mpigaji atafute pande zote mbili, la sivyo ataenda kulia kwa mazoea. Mwanamke apimwe mimba kwanza.

Asile, atiwe dripu, apewe dawa ya maumivu (haifichi ugonjwa, hiyo ni hofu ya zamani), apelekwe kwa daktari wa upasuaji mapema. Huku kwetu hesabu na foleni ya feri ya kuvukia kisiwani Mombasa. Kwenye barua andika kwa herufi kubwa: MOYO KULIA.