Howth kwa siku moja: panda kwanza, kula baadaye

Kutoka kituo cha Connolly, Dublin, treni ya mjini iitwayo DART hufika Howth, kijiji cha bandari huko Ayalandi, kwa takriban nusu saa. Angalia ubao kabla ya kupanda: reli hugawanyika Howth Junction, na treni nyingine huelekea Malahide. Ukikosea, shuka hapohapo Howth Junction usubiri ya Howth. Kadi ya Leap, yaani kadi ya nauli, iguse kwenye mashine unapoingia na unapotoka. Ukisahau kuigusa unapotoka, unakatwa nauli ya juu.

Anza na mwambao wa majabali. Fuata mishale ya kijani kutoka stesheni, kilomita 6, saa mbili hivi. Njia ni nyembamba, sehemu nyingi haina kizuizi upande wa bahari, na mvua huiacha na tope, kwa hiyo viatu viwe na meno. Mwavuli hauna kazi kwenye upepo ule. Vaa koti la mvua. Ukifika juu utaona mnara wa taa wa Baily chini yako.

Migahawa ya samaki iko gati la magharibi. Agiza chauda, supu nzito ya samaki na krimu, kwa mkate wa kahawia. Usiyekula nguruwe wala pombe, uliza kwanza: baadhi ya wapishi hutia bekoni kwenye supu, na unga wa kukaangia samaki wakati mwingine huchanganywa na bia. Ukila chipsi nje, zifunike, shakwe hawana adabu.

Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi Ayalandi.