Kusimba taasisi za kihistoria: kutoka Kamati ya Lugha hadi TATAKI

Anayetengeneza kanzidata rejea ya historia hugundua mapema kwamba taasisi humsumbua kuliko watu, kwa kuwa mtu huzaliwa na kufa mara moja, ilhali taasisi hubadili jina, huhama mji na huunganishwa na nyingine. Mfano mzuri ni Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Kabla hujafungua faili la XML, yaani faili la matini yaliyosimbwa (yaliyowekewa alama zinazosomwa na kompyuta), amua ni rekodi ngapi unazohitaji. Kamati hiyo ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, na baadaye Mombasa. Katikati ya safari hiyo ikaja kuitwa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kazi yake haikubadilika, kwa hiyo hiyo ni rekodi moja yenye majina mawili na makao kadhaa. Mwaka 1964 ilipoingizwa chuo kikuu Dar es Salaam na kuwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), mamlaka iliyoisimamia ilibadilika. Hapo mimi hufungua rekodi mpya. Mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili ya chuo hicho ziliunganishwa zikazaa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), nazo ni rekodi tatu kamili.

Katika TEI (Text Encoding Initiative), mfumo wa kanuni za kusimba matini kwa XML, kila taasisi huwekwa ndani ya elementi, yaani jozi ya alama, iitwayo org na hupewa kitambulisho cha xml:id, ambacho hakiruhusiwi kuanza na tarakimu wala kuwa na nafasi. Usikiunde kutokana na jina, maana jina likisahihishwa utashawishika kukibadili, na viungo vyote vinavyokitegemea vitakatika.

Kila jina lipewe elementi yake ya orgName, pamoja na lugha na chanzo. Ukurasa wa jina wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 unaitaja Kamati kwa jina lake la Kiingereza. Huo ni ushahidi kwamba jina hilo lilitumika mwaka huo, lakini hautuambii lilikoma lini. Andika unachokiona, na tarehe ya ukomo iache wazi hadi upate hati inayoithibitisha.

Urithi uandike kwa elementi ya relation, ukiangalia sana mwelekeo wake:

<relation name="mrithi" active="#taasisi-0043" passive="#taasisi-0041 #taasisi-0042"/>

Hapa 0043 ni TATAKI, na mbili zinazofuata ni TUKI na Idara. Makosa mengi niliyokutana nayo ni ya mwelekeo huu kugeuzwa, mtoto akawa mzazi, na programu haikulalamika kwa sababu kisarufi mstari ulikuwa sahihi.

Mwisho, unganisha matini na rekodi kwa kufuata tarehe ya hati yenyewe. Makala ya mwaka 1975 inayotaja TUKI ielekezwe kwenye rekodi ya TUKI, hata kama nakala yake leo imehifadhiwa TATAKI.