Duka la Mkristo: anza na mizani

Mteja anayekuja kununua nusu kilo ya sukari hana haja ya kuambiwa umeokoka. Atapima mwenyewe nyumbani. Kabla ya kubandika mstari wa Biblia ukutani, shughulikia mizani, maana Walawi 19:36 na Mithali 11:1 zinaitaja waziwazi.

Kila asubuhi ifute sahani, iweke mizani mahali tambarare, hakikisha mshale uko kwenye sifuri, kisha weka jiwe la kilo 1 lenye mhuri. Likisoma gramu 1,020, mteja anapunjwa. Likisoma 980, unajipunja. Vyovyote vile, usipimie tena mpaka fundi airekebishe. Tanzania, Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kila mwaka, lakini mizani huharibika hata katikati ya mwaka.

Wengi huponzwa na chombo. Bakuli la gramu 200 likipimwa pamoja na mchele, kila "kilo" ni gramu 800. Uza kilo 50 kwa mtindo huo, umeshachukua kilo 10 za watu, pengine bila kukusudia. Weka kwanza bakuli tupu, rudisha mizani sifuri, ndipo umimine. Isiporudi sifuri, toa uzito wa bakuli kwenye hesabu. Mafuta ya kula yaache povu litulie, halafu jazia. Debe lililobonyea kitako lisipimie kitu tena.

Peremende si chenji. Tafuta sarafu tangu jana yake. Mtoto aliyetumwa mhesabie moja moja mkononi, umfungie vizuri. Yeye hajui kudai, na kumpunja ni rahisi mno. Hapo imani yako inapimwa kuliko kwa mtu mzima anayekukagua.

Ukinunua mazao shambani, kataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo hadi likavimba juu. Sheria ya Tanzania inataka gunia lisizidi kilo 100, na kilemba kile cha juu ni jasho la mkulima lisilolipwa. Nenda na mizani, lipa kwa kilo. Bei yako huenda ikapanda kidogo na wateja wengine wakahamia kwa jirani. Usimseme jirani. Geuza uso wa mizani umwelekee mteja, asome mwenyewe.

Madeni yaandike mbele ya mkopaji, naye aweke sahihi. Usimdai mbele za watu.

Ukigundua umewapunja watu unaowajua, Walawi 6:5 inatoa kipimo: rudisha chote, ongeza sehemu ya tano. Aliyepunjwa shilingi 5,000 apewe 6,000. Usiite zawadi, mwambie ni haki yake, na sababu. Wale usioweza kuwapata, kadiria kiasi chao, uwape maskini wa mtaa huohuo, wala usikihesabu kuwa sadaka yako ya Jumapili.