Mkasi na kibanio: namna ya kumweleza mgonjwa kwa nini kikohozi kimekwisha na dawa bado

Mimi ni muuguzi hapa Kadutu, Bukavu. Wagonjwa wa kifua kikuu huchoka na dawa kuanzia mwezi wa tatu: kikohozi kimekwisha, mwili umerudi. Ukiwaambia tu "maliza dozi", wanaitikia kwa kichwa, halafu huwaoni tena.

Namna ninayoitumia nilianza na mama mmoja mshonaji. Chukua mkasi, mpe akate kitambaa. Sasa tia kibanio cha kuanikia nguo katikati ya vishikio, mkasi usifunge. Mwambie akate tena. Haukati. Mwache ajaribu mwenyewe, usiharakishe. Mkasi ni uleule, chuma ni kilekile, hakuna kilichovunjika.

Hapo mweleze kwamba ndani ya bakteria mna protini zinazofanya kazi kama mkasi huo, na mna nyingine, ziitwazo kinasi, zinazoweka kibanio. Kibanio chenyewe ni fosfati, kipande kidogo kinachotolewa kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Mfano uliochunguzwa sana ni wa E. koli, bakteria wa utumbo: kinasi HipA huibana kwa fosfati protini GltX, inayohitajika ili protini mpya zitengenezwe. Kazi inasimama, bakteria analala. Dawa nyingi huua kwa kuvuruga kazi inayoendelea, kwa hiyo aliyelala inampita. Fosfati ikiondolewa, anaamka.

Usiseme kwamba HipA ndiyo ya kifua kikuu. Bakteria wa kifua kikuu wana kinasi 11 za aina nyingine, na baadhi yake huongoza ukuaji na ujenzi wa ukuta wao.

Usiseme pia "wamekuwa sugu". Neno hilo linamtisha mgonjwa, na hapa si kweli. Usugu ni jeni kubadilika, na kizazi hurithi. Mkasi wenye kibanio haujabadilika.

Kuhusu vidonge, sema kwa ufupi: isoniazidi hupiga hasa wanaojenga ukuta, rifampisini huwafikia hata wanaoamka kidogo kidogo. Ndiyo maana baada ya miezi 2 ya dawa nne, hizo mbili huendelea miezi 4.

Mwisho, mwache yeye akueleze. Yule mama alitoa kibanio, akakata kitambaa, akaniuliza: "Basi wanaweza kuamka mimi nikiwa nimeshaacha?" Nikamjibu ndiyo, mama. Tukafungua kadi yake, tukahesabu pamoja wiki zilizobaki.